Kizuri Hakijiuzi Chenyewe: Filamu Inavyosambazwa na Kupigiwa Debe

Chukua tiketi ya sinema ya shilingi 10,000. Mtazamaji akishalipa dirishani, mwenye ukumbi hubaki na karibu nusu. Ile 5,000 nyingine haiendi moja kwa moja kwa aliyetengeneza filamu. Inapitia kwanza kwa msambazaji, yule aliyezungumza na kumbi, akapanga tarehe ya kutoka na kugharamia matangazo. Huko Marekani mara nyingi msambazaji hukata asilimia 30 hivi kama ujira wake, kisha hujirudishia gharama za matangazo, na kikisalia kitu ndipo mtengenezaji hupata. Kila ninapoandika hesabu hii ubaoni darasa hunyamaza, maana wanafunzi wengi huja chuoni wakiamini kwamba kizuri chajiuza.

Walt Disney na kaka yake Roy waliijua hesabu hiyo vizuri. Kwa miaka mingi studio yao ilitengeneza, kampuni ya RKO ikasambaza na kuchukua fungu lake. Mwaka 1953 walikuwa na filamu ndefu kuhusu viumbe wa jangwani, na RKO haikuichangamkia. Basi wakaanzisha kampuni yao ya usambazaji, wakaiita Buena Vista, jina la barabara ilipo studio yao mjini Burbank, California. Filamu ile ikashinda Oscar, lakini mimi huwaambia wanafunzi wasiitazame sana tuzo. Watazame fungu la msambazaji, ambalo sasa lilibaki nyumbani, pamoja na mamlaka ya kuamua filamu itoke lini, ionyeshwe wapi na irudishwe ukumbini baada ya muda gani. Katuni zao za zamani zilirudishwa tena na tena, kila mara zikikuta watoto ambao hawakuwapo zilipotoka mwanzo.

Mwaka uliofuata wakaigeukia televisheni. Wakati huo studio nyingi za Hollywood ziliiona televisheni kama mwizi wa watazamaji. Disney wao walikuwa wanatafuta fedha za kujenga bustani ya burudani ya Disneyland, na kituo cha ABC kilikuwa na njaa ya vipindi. Wakakubaliana: ABC ikaweka dola 500,000 na kudhamini mkopo wa dola milioni 4.5, ikapata hisa katika bustani hiyo na kipindi cha kila wiki. Kipindi nacho kikapewa jina la bustani ambayo bado haijafunguliwa.

Hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Desemba 1954 kipindi kimoja kizima kilionyesha jinsi Disney walivyopiga picha chini ya maji kwa ajili ya filamu yao mpya, iliyoingia kumbini wiki chache tu baadaye. Lilikuwa tangazo la karibu saa nzima, na bado kipindi kikapewa Emmy, tuzo ya vipindi vya televisheni vya Marekani. Mwezi huohuo wakaanza kurusha visa vya Davy Crockett, mwindaji wa kofia ya manyoya. Watoto wa Marekani wakazigombania kofia hizo madukani. Kisha, mwaka 1955, visa vilevile vikaunganishwa kuwa filamu moja, na watu wakalipa tiketi kuona walichokwisha kukiona bure. Kwa nini walipe? Kwa sababu nyumbani waliviona kwa rangi nyeusi na nyeupe, ilhali Disney walikuwa wamevipiga kwa rangi kamili tangu mwanzo. Bustani ilipofunguliwa tarehe 17 Julai 1955, ABC ikairusha moja kwa moja.

Huko ndiko kupigiana debe: kipindi kinauza filamu, filamu inauza kofia, na kofia kichwani mwa mtoto inatangaza kipindi bila kulipwa. Mwaka 1957 kampuni ilichora mchoro wa biashara zake zote, filamu ikiwa katikati na mishale ikienda na kurudi kwenye televisheni, muziki, vitabu, bidhaa na bustani. Manunuzi makubwa ya Disney ya baadaye, ABC yenyewe mwaka 1996, Pixar ya katuni 2006, Marvel ya mashujaa wa vibonzo 2009 na Lucasfilm ya Star Wars 2012, yanasomeka vizuri zaidi ukiwa na mchoro huo mkononi.

Sisi wa Kiswahili tumo katika mchoro huo. Filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 iliwapa wahusika majina ya Simba na Rafiki. Ikazaa kanda, nyimbo, midoli, na tangu 1997 mchezo wa jukwaani ambao kufikia 2014 ulikuwa umeingiza zaidi ya dola bilioni 6, mbali kuliko filamu yenyewe. Disney ikasajili hata maneno "hakuna matata" kama alama ya biashara kwenye nguo, na mwaka 2018 zaidi ya watu 100,000 walitia sahihi kulipinga jambo hilo. Usajili huo haumzuii mtu kutamka maneno hayo, lakini inauma kuona msemo wetu wa kila siku ukihesabiwa katika mali za wengine huku sisi tukiacha vyetu bila kuvisajili.

Debe nalo lina mpaka wake. Mwaka 2012 Disney hiyohiyo ilitangaza kutarajia hasara ya karibu dola milioni 200 kwa filamu ya John Carter. Matangazo humfikisha mtu mlangoni mara moja. Hayamrudishi mara ya pili.

Hapa kwetu mfano ulio karibu ni Azam. Jina moja liko kwenye unga, juisi, boti za Zanzibar, timu ya mpira na king'amuzi, na ndani ya king'amuzi hicho imo chaneli ya Sinema Zetu. Anayefuata mechi za ligi anajikuta na filamu za Kiswahili sebuleni bila kuzitafuta.

Mtayarishaji mdogo hana boti wala timu. Ana mkataba. Kijana mmoja niliyemfundisha aliuza filamu yake ya kwanza kwa mkupuo, kwa karatasi ya ukurasa mmoja yenye maneno "haki zote". Baadaye aliiona ikirushwa kwenye televisheni na wimbo wake ukitumika kwenye tangazo, na hakuwa na pa kudai. Nilimsimulia habari za George Lucas, mwongozaji wa filamu wa Marekani, ambaye kabla ya Star Wars ya 1977 alikubali kutodai nyongeza ya ujira ili abaki na haki za bidhaa na za filamu zitakazofuata, haki ambazo studio haikuziona kuwa na thamani kubwa. Mwaka 2012 aliiuzia Disney kampuni yake, ile Lucasfilm, kwa dola bilioni 4 na ushei.

Mkataba wa filamu ya pili kijana aliniletea tuusome pamoja. Ukumbi, televisheni na intaneti vimeandikwa kila kimoja na bei yake, kila kimoja kwa miaka mitatu. Wimbo na majina ya wahusika hakuviuza.