Je, wajua kwa nini mgeni akihamia mji hufungua duka?

Ukiuliza kwa nini maduka mengi ya mitaani Dar es Salaam yana Mpemba ndani, utaambiwa biashara iko damuni mwao. Zamani hapa Zanzibar ilisemwa hivyo hivyo juu ya Wahindi, na juu ya Wamanga waliotoka Omani. Maelezo hayo yanapendwa mno, lakini hayasimami.

Pemba kwenyewe watu wengi wanaishi kwa karafuu, mpunga, muhogo na bahari. Wapemba waliovuka kwenda pwani ya Kenya, Kwale na Kilifi, wengi wamebaki wavuvi kizazi baada ya kizazi, na Serikali ya Kenya imekuja kuwatambua kuwa raia mwaka 2023. Kisiwa ni kimoja, pengine hata koo ni zile zile, ila huyu kashika mizani na yule kashika mshipi. Lingekuwa jambo la damu, Kilifi nako wangejaza maduka.

Waangalie na Wangazija, watu wa visiwa vya Komoro. Nao walikuja Zanzibar wageni, lakini enzi za ukoloni wengi walipata ukarani, ualimu na upolisi, kwa hiyo duka hawakulihitaji. Mmanga aliyeshuka na jahazi hakuwa na cheti cha skuli wala mikarafuu. Akafungua kiduka huko mashamba, akauza unga na mafuta ya taa. Mgeni anakuta ardhi ina wenyewe, na ajira inataka vyeti na mtu wa kukusemea. Duka halimuulizi hayo.

Wengine husema walikuja na mtaji. Allidina Visram, ambaye maduka yake yalifika hadi Uganda, alikuja pwani hii kutoka India akiwa kijana mdogo na akaanzia chini ya mfanyabiashara Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo. Mali ya mwanzo ilikuwa ya mtu mwengine, si yake.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe: mali kauli, yaani bidhaa za mkopo kwa neno tu. Kijana wa Micheweni, kule Pemba, anafika Kariakoo mikono mitupu. Muuza jumla wa kwao anampa mifuko miwili ya mchele, katoni ya sabuni na dumu la mafuta, bila karatasi. Anauza kwa robo kilo, analala humo humo nyuma ya magunia asilipe kodi ya chumba, na wiki ikiisha anarudisha pesa ya mali na kuchukua nyengine. Benki ingetaka hati ya nyumba. Muuza jumla haitaki, kwa sababu anamjua baba wa kijana, anajua anasali msikiti gani, na akikimbia na mali habari itafika Micheweni kabla hajafika yeye. Kauli yake ni kama nanga: chombo kiko Kariakoo, chuma kimezama Pemba. Akiivunja, hata mdogo wake hatopewa mali na mtu.

Tusisahau kwamba tunaowaona ni waliosimama. Aliyefilisika karudi kwao na duka limeshapangishwa mwengine. Na asiye na mtu wa kwao sokoni hapewi kitu hata awe mwaminifu vipi. Ndiyo maana mara nyingi wageni wa kijiji kimoja huuza bidhaa moja, mtaa mmoja: wa kwanza akishaaminiwa na muuza jumla wa nguo, wanaomfuata wote wanaingia kwenye nguo, hata kama mchele ungewalipa zaidi.