Je, wajua kwa nini mmea wa bangi hupima usiku kabla ya kuchanua?

Mkulima wa Ufaransa anayelima bangi ya nyuzi, ile isiyolevya inayotoa kamba, nguo na mbegu za mafuta, huipanda Aprili au Mei. Mmea huota, hurefuka wiki baada ya wiki mpaka kumzidi mtu kimo, na muda huo wote shamba ni majani matupu. Ikikaribia Agosti ndipo maua yanapotoka, na hutoka shamba zima karibu kwa wakati mmoja. Sasa chukua mbegu ya gunia lile lile uipande karibu na ikweta, penye joto zuri na mvua ya kutosha. Huenda ukaukuta mmea umechanua ukiwa bado wa kufika magotini, ukazaa vijimbegu vichache na kufa. Udongo hauna kosa, wala mbolea. Kilichobadilika ni urefu wa usiku.

Niseme mapema: Tanzania na Kenya kulima bangi ni kosa la jinai, na makala haya hayamfundishi mtu kilimo. Lakini bangi ni mmoja wa mimea ya kwanza kabisa kuwafungua wanasayansi macho kuhusu namna mimea inavyojua majira ya mwaka, na hadithi hiyo haisimuliwi mara nyingi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mfaransa mmoja aitwaye Julien Tournois alikuwa akichunguza mimea miwili ya ukoo mmoja jijini Paris: bangi na hopsi, mmea ambao maua yake hutiwa kwenye bia kuipa uchungu. Alipopanda ndani ya kibanda cha kioo majira ya baridi, aliona kituko. Miche midogo, yenye majani ya kuhesabika, ilikuwa inachanua. Wengi wangesema ni ugonjwa, au ni baridi. Tournois akaanza kucheza na mwanga, akiipa miche saa chache tu za mwanga kwa siku, na kila alipofanya hivyo maua yaliwahi. Kufikia 1914 alikuwa ameandika jambo lililowapita watu wengi wa wakati wake: kinachowahisha maua si sana kufupishwa kwa mchana bali ni kurefushwa kwa usiku. Mwaka huo huo vita kuu ya kwanza ikaanza, naye akauawa vitani.

Sifa ilikwenda kwa Wamarekani wawili, Garner na Allard, waliochapisha matokeo yao mwaka 1920. Wao walisumbuliwa na tumbaku iliyokuwa ikirefuka kiangazi kizima bila kutoa ua. Walipoiingiza kwenye banda la giza kila alasiri, ikachanua. Mimea ya namna hii ikapewa jina la mimea ya siku fupi, jina ambalo kwa kweli linapotosha kidogo. Mwaka 1938, Hamner na Bonner wa Chicago walionyesha kwa kutumia gugu moja la porini kwamba ukiukatiza mchana kwa giza fupi, mmea haujali. Ukiukatiza usiku kwa mwanga wa dakika chache, maua hayatoki. Kinachopimwa ni giza, tena giza lisilokatizwa.

Jambo hili lipo hapa hapa kwetu. Krisanthemu nayo ni mmea wa siku fupi, na mashamba ya maua ya Afrika Mashariki yanayozalisha vipandikizi vyake kwa ajili ya soko la Ulaya huwasha taa usiku juu ya vitalu. Mgeni akipita barabarani anaweza kudhani ni ulinzi. Taa zile ni za kuidanganya mimea isijue kwamba usiku umefika urefu wake, iendelee kutoa machipukizi badala ya maua. Na mkulima wa mbaazi za muda mrefu anajua kwamba akichelewa kupanda, mbaazi zake hubaki fupi, maana mbaazi nazo zinasoma urefu wa siku.

Ndani ya jani kuna nini basi? Kuna protini iitwayo fitokromu, yenye maumbo mawili. Mwanga mwekundu ulio ndani ya mwanga wa jua huigeuza iwe katika umbo linalofanya kazi. Giza likiingia, umbo hilo hupungua polepole. Mmea pia una saa yake ya ndani inayozunguka kwa takribani saa 24. Usiku ukiwa mrefu vya kutosha, jani hutengeneza ujumbe wa protini ambao husafiri kwenye mishipa ya chakula hadi ncha za matawi na kuziamuru ziache kutengeneza majani zianze kutengeneza maua. Wanasayansi waliukisia ujumbe huo katika miaka ya 1930 na kuupa jina florijeni, lakini ilichukua takriban miaka 70 kuthibitisha ni kitu gani hasa. Kumbe anayeona usiku ni jani, na anayechanua ni ncha. Ni sehemu mbili tofauti.

Kabla ya kufika huko, mmea wa bangi hupitia hatua ambazo hata mtu asiyejali botania anaweza kuzifuata kwa macho. Kile tunachokiita mbegu, kitaalamu ni tunda dogo kavu, la kijivu au la kahawia lenye madoadoa, lenye mbegu moja ndani. Likipata unyevu na joto, ndani ya wiki moja hivi hupasuka, mzizi ukatangulia chini na shina likapanda juu likiwa limejikunja. Majani mawili ya kwanza ni yale yaliyokuwa ndani ya mbegu: manene, ya mviringo, yasiyofanana hata kidogo na jani maarufu la bangi. Jozi inayofuata ndiyo yenye meno pembeni, lakini kila jani lina kidole kimoja tu. Jozi ya baadaye huwa na vidole vitatu kila jani, kisha vitano, kisha saba, kisha tisa, na kwenye mimea mingine hata 13. Karibu kila mara idadi ni witiri, kwa sababu kuna kidole kimoja cha katikati na vingine huongezeka viwili viwili, kulia na kushoto.

Kwenye kipindi cha kukua majani, shina linaweza kuongezeka sentimita kadhaa kwa siku. Majani hukaa mawili mawili, yakitazamana kwenye kila fundo la shina. Halafu siku moja mpangilio unavunjika: jani moja linatoka upande huu, linalofuata upande ule, juu kidogo. Hiyo ni moja ya dalili za mapema kwamba mmea unaacha ujana. Maua yakishaanza, idadi ya vidole kwenye majani mapya hurudi nyuma, tisa, saba, tano, mpaka yale ya juu kabisa katikati ya maua yawe na kidole kimoja tena. Ukilipanga jani kwa jani kutoka chini hadi juu, unasoma maisha ya mmea mzima. Mwaka 1998 watafiti wa Ulaya waliweka utaratibu wa kuzitaja hatua hizi kwa msimbo wa tarakimu nne, kuanzia kuota hadi kunyauka, na tarakimu moja kati ya hizo hutaja jinsia ya mmea.

Jinsia, ndiyo. Bangi kwa kawaida ni kama mpapai: kuna mmea dume na mmea jike. Jambo hili limewachanganya watu kwa karne nyingi. Wakulima wa zamani wa Ulaya waliuita mmea mnene wenye mbegu dume, na ule mwembamba jike, kinyume kabisa cha ukweli. Mwaka 1694, Mjerumani Camerarius, mtu wa kwanza kuthibitisha kwa majaribio kwamba mimea ina jinsia, aliitumia bangi pamoja na mimea mingine. Aliondoa madume, lakini majike yakazaa mbegu kadhaa hata hivyo, jambo lililomtatiza. Leo tunajua kwamba jike mara nyingine hutoa maua machache ya kiume, na kwamba chavua ya bangi hupeperushwa na upepo mbali sana.

Mbali kiasi gani? Watafiti wa Málaga, kusini mwa Hispania, walipokuwa wakipima chavua hewani katika miaka ya 1990, walinasa chavua ya bangi iliyovuka bahari kutoka Moroko, ambako bangi hulimwa kwenye milima ya Rif. Hesabu ya chavua iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye mzio ikageuka kuwa ushahidi wa kilimo cha nchi nyingine. Binafsi sijasikia kisa kingine cha chavua kinachonifurahisha kama hiki.

Dume hutangulia. Hurefuka kuliko jike, hutoa vishada vya maua ya kijani-njano yenye chavulio tano zinazoning'inia, humwaga chavua na kufa wiki chache baadaye. Ua la jike halina petali za kujivunia. Ni kifuko kidogo cha kijani kinachochomoza nyuzi mbili nyeupe, hizo ndizo zinazodaka chavua. Halihitaji rangi wala harufu ya kumwita nyuki, maana kazi yote ni ya upepo.

Harufu kali basi ni ya nini? Inatoka kwenye tezi ndogo sana zinazofunika ua la jike na majani yaliyo karibu nalo. Ukizitazama kwa kikuza, ni vijiti vya kioo vyenye vichwa vya duara vilivyojaa utomvu unaonata. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba utomvu huo hulinda mbegu zinazoendelea kukua dhidi ya wadudu na jua kali. Ndimo zilimo kemikali zilizoupa mmea umaarufu wake. THC, ile inayolevya, ilitenganishwa na umbo lake kufahamika mwaka 1964 na Gaoni na Mechoulam huko Israeli. Ndani ya mmea mbichi haipo katika hali hiyo kwa wingi: ipo kama asidi, na moto ndio unaoigeuza. Bangi ya nyuzi ina tezi zile zile, ila THC ni kidogo mno. Umoja wa Ulaya na Marekani zote zimeweka mpaka wa asilimia 0.3, ukizidi hapo sheria inakuhesabu kundi jingine. Kwa jicho la kawaida huwezi kutofautisha mimea hiyo miwili, na hapo ndipo polisi wa nchi nyingi wanapopata kazi.

Turudi kwenye ikweta. London, siku ndefu kuliko zote mwezi Juni ina mchana wa saa 16 na nusu, na ile fupi ya Desemba haifiki saa 8. Nairobi, tofauti kati ya siku ndefu na fupi kwa mwaka mzima ni kama dakika 10. Dar es Salaam, iliyo kusini zaidi, tofauti hiyo haifiki saa nzima. Ndiyo maana sisi tunaweza kuhesabu saa kuanzia alfajiri, saa 1 ya asubuhi ikaja jua likiwa limetoka tu, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa Msweden saa ya namna hiyo ingemtia wazimu.

Mbegu nyingi za bangi ya nyuzi za Ulaya zimezoea kuanza maua mchana ukishuka karibu saa 14. Kwao, hiyo ni dalili kwamba vuli ya Ulaya, majira yanayotangulia baridi, inakuja na lazima mbegu zikomae kabla ya baridi. Zikiletwa huku, dalili hiyo ipo tangu siku ya kwanza. Kila usiku wa Nairobi, kwa mmea wa Ufaransa, ni usiku wa vuli. Kinachouchelewesha ni utoto tu: yale majuma machache ya mwanzo ambapo mche bado hausikii amri ya giza. Yakipita, unachanua hapo hapo ulipo.

Bangi iliyokaa tropiki vizazi na vizazi imepata suluhisho lake. Mmea huu asili yake ni Asia, na ulikuwa umefika pembe ya Afrika kufikia karne ya 14 hivi, maana viko vya udongo vya kuvutia moshi vyenye mabaki yake vilivyofukuliwa Ethiopia vinakadiriwa kuwa vya wakati huo. Mahali ambapo usiku ni mrefu daima, mmea unaokimbilia maua huzaa mbegu chache, ule unaovuta subira huzaa nyingi. Kwa hiyo bangi ya tropiki ina utoto mrefu, na hata ikianza kuchanua hujikokota, mara nyingine miezi mitatu au zaidi. Kaskazini mwa dunia ni kinyume. Kule Urusi kuna bangi ya porini, fupi, ambayo haisubiri usiku wowote: ikifikisha umri wa wiki kadhaa inachanua hata jua lisipotua. Aina ya Finola, iliyozalishwa Finland kwa ajili ya mbegu za kula, ina damu ya huko.

Marekani iliporuhusu bangi ya nyuzi mwaka 2018, wakulima wa Florida waliyaona mambo haya kwa macho yao. Mbegu nyingi zilizokuwa sokoni zilitoka Kanada na Ulaya, na katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Florida aina nyingi za kaskazini zilichanua mapema mno na kubaki vibeti. Zilizofanya vizuri zaidi zilikuwa na asili ya kusini mwa China, karibu na tropiki.