Kuvu inayokula kuvu: ukungu wa kijani kwenye uyoga

Mfuko wa mabua uliopandwa uyoga wa mamama (oyster) ukitokea doa la kijani, wengi husema mabua yameoza. Hayajaoza. Mara nyingi hiyo ni Trikoderma, kuvu inayokula kuvu wenzake, na uyoga nao ni kuvu. Ndiyo maana huitwa kimelea cha kuvu.

Ukuta wa seli ya uyoga una kitini, kama gamba la panzi. Trikoderma ina jeni nyingi za vimeng'enya vya kuvunja kitini: nyuzi zake huuzingira utando wa uyoga (nyuzi nyeupe zinazoenea kwenye mabua), huutoboa ukuta na kufyonza kilichomo. Ulinganisho wa jenomu, yaani jeni zote za kiumbe, unaonyesha kwamba kula kuvu ndiyo tabia ya asili ya ukoo huu. Uwezo wa kumeng'enya mimea uliongezeka baadaye, kwa kupokea jeni kutoka kuvu nyingine zilizozoea mimea. Hapo ndipo penye ugumu: mabua yaliyopandwa mbegu za uyoga (nafaka iliyooteshwa utando wake) ni vyakula vyake viwili katika mfuko mmoja.

Uyoga wa kifungo una adui yake, Trichoderma aggressivum, aliyeanza kuleta hasara kubwa Ayalandi mwaka 1985. Wa mamama hushambuliwa na Trikoderma za aina nyingine, T. pleuroti na T. pleuroticola.

Dodoma, upepo wa kiangazi hupeperusha vumbi lenye vijimbegu vya kuvu, kwa hiyo pandia chumba kilichofungwa, sakafu ikiwa imelowanishwa. Chemsha mabua ya mtama au magunzi yaliyopondwa kwa saa 2, yachuje, yaache yapoe chini ya nyuzi joto 30 za Selsiasi. Yakiwa moto huua mbegu, na mbegu dhaifu ndizo huliwa kwanza. Ukikamua kiganjani yatoke matone mawili matatu tu. Maji yakizidi hewa hukosekana, utando wa uyoga husinzia. Pumba zisizidi kilo 1 kwa kilo 10 za mabua makavu, maana wanga wa ziada humnufaisha zaidi mvamizi. Tumia mbegu kilo 3 hadi 5 kwa kilo 100 za mabua yaliyolowa: utando ukiwahi kuenea, nafasi ya Trikoderma kuingia hupungua.

Trikoderma huanza nyeupe kama utando wa uyoga. Kijani ni vijimbegu vilivyokwishakomaa, mamilioni, karibu vyote nakala za mzazi mmoja. Usiufungue mfuko huo bandani wala usiupulizie maji, utavitawanya. Uvishe mfuko mwingine palepale ulipo, ufunge, ndipo uutoe nje ukauzike.