Hajabemendwa, Ana Utapiamlo: Maswali na Majibu Kuhusu Kumlikiza Mtoto

Maswali haya huulizwa kila wiki kwenye kliniki za watoto hapa Dar es Salaam, mengine na akina mama wenyewe, mengine na mabibi waliowasindikiza. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu nikiwa kazini. Moja, lile la mtoto kudhoofika na mtaa kusema amebemendwa, nimelirudia kwa makusudi, maana ndilo linalotuletea watoto wakiwa hoi.

Kumlikiza mtoto kunaanza lini na kunaisha lini?

Kunaanza akitimiza miezi 6, anapoongezewa chakula huku akiendelea kunyonya. Kunaisha anapoacha ziwa, akiwa na miaka 2 au zaidi. Ni kipindi cha mwaka mmoja na nusu, wala si ile siku moja ya kupaka shubiri kwenye chuchu.

Mama mkwe anasema watoto wake wote walianza uji na miezi 3. Mbona wamekua?

Mama mkwe hakuzua. Hadi miaka ya 1990 ushauri uliokuwa ukitolewa, tena na sisi watu wa afya, ulikuwa chakula kianze kati ya miezi 4 na 6. Ukifika mitaani, 4 ikawa 3. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani likapitia tafiti na kuweka miezi 6 kamili ya maziwa ya mama peke yake, na Tanzania inafuata hivyo. Ilionekana kwamba watoto walioanzishiwa chakula mapema waliharisha zaidi, na wala hawakuwazidi wenzao kwa kukua.

Kuhusu "mbona wamekua", naomba tuseme ukweli. Wanaosimulia ni wale waliopona. Muulize bibi kwa upole alizaa wangapi na waliofika shule ni wangapi.

Na maji je? Joto la Dar la Februari, mtoto hakauki koo?

Hakauki. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 88. Mtoto akiwa na kiu, mnyonyeshe. Maji ya dumu, ya kisima, hata ya bomba yaliyokaa ndooni tangu jana ndiyo yanayompa kuharisha. Hadi miezi 6 asipewe maji, glukosi, wala dawa ya mchango.

Dada yangu anaishi na VVU. Mwaka 2006 aliambiwa amwachishe mtoto ziwa ghafla akifika miezi 6. Mimi naambiwa ninyonyeshe. Nani mkweli?

Wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Enzi zile akina mama wengi wanaonyonyesha hawakuwa kwenye dawa za kufubaza VVU, na hofu ilikuwa maziwa kumwambukiza mtoto. Kisha ikaonekana watoto walioachishwa ghafla walikufa zaidi kwa kuharisha na utapiamlo. Mwaka 2010 mwongozo wa dunia ukabadilika: mama aliye kwenye dawa anyonyeshe hadi angalau miezi 12. Mwaka 2016 ukasogezwa hadi miezi 24 au zaidi. Sharti ni mama ameze dawa zake kila siku bila kuruka, na mtoto apate dawa ya kinga na vipimo kwa tarehe zake. Usifuate ushauri aliopewa dada yako mwaka ule. Fuata unaopewa wewe leo.

Nampa uji wa lishe wa nafaka saba. Mbona haongezeki uzito?

Kwanza nionyeshe uji wenyewe. Karibu kila mara ninaoonyeshwa ni mwembamba kama maji ya mchele, umetiwa kwenye chupa ili upite tunduni. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji, analala ameshiba na hajala kitu. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usidondoke haraka. Mlishe kwa kikombe na kijiko. Chupa ni ngumu kuosha, na mabaki yanayoganda kwenye chuchu yake yanamharisha.

Pili, nafaka saba zikisagwa pamoja bado ni nafaka. Anachokosa mtoto ni yai, maini, samaki, dagaa, maharage, mboga, tunda. Akiba ya madini chuma aliyozaliwa nayo inapungua sana anapofika miezi 6, na uji mtupu hauirudishi. Dagaa waliochambuliwa vizuri, wakakaangwa kidogo bila mafuta na kusagwa, ni nafuu kuliko makopo ya dukani. Ongeza kijiko cha mafuta au parachichi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 hadi 3 kwa siku, akianza na vijiko viwili vitatu na kupanda hadi nusu kikombe. Kuanzia miezi 9, mara 3 hadi 4, na kitu kidogo katikati. Asali asilambishwe kabla ya mwaka mmoja.

Tatu, karanga na mahindi. Yenye ukungu usiyaoshe wala kuyaanika ukidhani yamepona. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu waliugua na kufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara. Nunua kidogo kidogo, chambua mwenyewe, kisha ndipo upeleke mashineni.

Hapa nawatetea mabibi. Wengi wao walijua kutumia kimea: ulezi au mtama ulioloweshwa, ukachipua, ukakaushwa na kusagwa. Kijiko kimoja kwenye uji mzito kinaulainisha bila kuongeza maji, na mtoto anameza chakula kingi zaidi. Binti zao wamekiacha wakakimbilia unga wa pakiti zenye picha ya mtoto mnono. Hilo ni badiliko la kizazi ambalo mimi silifurahii.

Mwanangu ana mwaka na miezi 2. Alikuwa mnene, sasa amekonda, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, analia tu. Majirani wanasema amebemendwa. Nimpeleke wapi?

Kliniki. Leo, si Jumatatu.

Kwa asiyejua, watu huamini mtoto hubemendwa wazazi wakikutana kimwili kabla hajaacha ziwa, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa kisha akambeba. Mama, tendo la ndoa haliingii kwenye maziwa. Hakuna mtoto anayekonda kwa sababu baba yake na mama yake wamelala pamoja. Unayoyaeleza ni dalili za utapiamlo mkali, na nyuma yake mara nyingine kuna kifua kikuu, VVU au kuharisha kusikoisha. Yote hayo yanapimika na yanatibika. Kubemendwa hakupimiki kwa sababu hakupo.

Kinachoniumiza si imani peke yake, ni aibu inayokuja nayo. Mama anaogopa kumtoa mtoto nje, maana mtaa mzima utasema hakujizuia. Anamfunika kanga, anaacha kuja kupima uzito. Wengi tunawaona mara ya mwisho kwenye chanjo ya surua ya miezi 9, halafu kimya, na ndio miezi hasa ambayo mtoto anaporomoka. Akina baba nao wananyamaza, au wanamtuhumu mama. Baba, mbebe mtoto umlete wewe.

Lakini wazee waliliona kwa macho. Mama akishika mimba nyingine, anayenyonya anadhoofika kweli.

Waliliona, na waliona sawasawa. Sababu ndiyo waliyoikosea. Mama akijijua ana mimba anaambiwa maziwa yamechacha, anamnyang'anya mtoto ziwa siku hiyohiyo, na badala yake anampa uji mweupe. Mtoto amepoteza chakula chake bora kwa siku moja. Hapo lazima adhoofike.

Maziwa ya mama mjamzito hayachachi wala hayana sumu. Endelea kunyonyesha, ule vizuri, uwahi kliniki ya wajawazito. Ikiwa uliwahi kujifungua kabla ya muda au unatokwa na damu, zungumza na mkunga kwanza. Mwiko wa zamani ulifanya kazi moja njema, kuwatenganisha watoto kwa miaka. Kazi hiyo sasa inafanywa na uzazi wa mpango, bila kumlaza baba sebuleni na bila kumtukana mama.

Nimeshaanza kumwogesha dawa ya kubemendwa. Nimalize siku saba kwanza?

Hapana. Hapana. Usimalize. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kufa usiku mmoja kwa sukari kushuka, kwa mwili kupoa, au kwa maambukizi yasiyoonyesha hata homa. Kumwogesha maji ya mizizi kunampoza. Kumnywesha kunamharisha, na hana akiba ya kuharisha. Siku saba za dawa ndizo siku ambazo sisi tungekuwa tumeshamrudisha kwenye hali ya kula.

Wangu hajakonda, kinyume chake amejaa mashavu na miguu. Huyo si ana afya?

Mbonyeze upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa kidole gumba, uhesabu polepole hadi tatu, kisha achia. Likibaki shimo, hiyo si afya, ni maji yaliyojaa mwilini. Ni kwashiakoo, na ni hatari sawa na kukonda, hata kama mizani inaonyesha kilo nzuri. Mara nyingi mtoto huyo hataki kucheza, hataki kula, ngozi inabanduka. Naye ataambiwa amebemendwa. Naye hajabemendwa. Mlete leo.

Mkimpokea mnamfanya nini?

Tunampima uzito, urefu, na mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Akiwa na hamu ya kula na hana ugonjwa mwingine mzito, hupewa chakula dawa cha pakiti akatibiwa akiwa nyumbani, kwa miadi ya kurudi. Akigoma kula, akivimba au akilegea, analazwa. Chakula dawa ni dawa, usiwagawie ndugu zake.

Nataka kumwachisha ziwa, ana miaka 2. Nipake shubiri au nimpeleke kwa bibi yake Tanga?

Wala usimpeleke, wala usipake. Punguza nyonyo moja baada ya nyingine kwa wiki kadhaa, anza na za mchana, ya usiku iwe ya mwisho. Mtoto aliyekosa ziwa na mama kwa mpigo mmoja hususia chakula. Bibi naye atampa uji na chai ya rangi kwa mapenzi yote, na likizo ikiisha utamkuta mwingine.

Narudi kazini mtoto akiwa na miezi 3 tu. Hiyo miezi 6 nitaifikishaje?

Sheria inakupa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa mapacha, na baada ya hapo mwajiri anatakiwa kukuruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Zidai. Usipoweza kurudi nyumbani, kamua kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwa joto letu, maziwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa 4. Dada wa kazi mfundishe kunywesha kwa kikombe, mwonyeshe kwa vitendo, na bibi awepo asikie.

Nimechelewa. Nimeshampeleka kwa mganga, kadi ya kliniki imepotea. Nikija nitagombezwa?

Njoo bila kadi, tutakuandikia nyingine. Huduma za watoto chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali hazilipiwi kwa mujibu wa sera. Tuambie dawa zote alizokunywa, zikiwemo za mizizi, maana zinabadili tunachompa. Kama amelegea, ana baridi mikononi, hanyonyi, anatapika kila kitu au anapumua kwa shida, usisubiri kliniki ifunguliwe asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo, umemfunika vizuri, amelala kifuani kwako ngozi kwa ngozi, na akiwa macho na anaweza kumeza, mnyonyeshe njiani.