Ukingo: kwa nini kidonda cha sentimita 1 kinaacha mshono wa sentimita 5

"Wamemkata mno." Ndivyo alivyolalamika mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja hapa Moshi, akimsubiri kijana wake mwenye ualbino atolewe nyuzi mkononi. Kidonda chenyewe, cha saratani ya ngozi, kwa maelezo yake, hakikuzidi ukucha wa kidole gumba. Siku ya kufungua bandeji akakuta mshono unakaribia urefu wa kidole chake cha mwisho. Alishaanza kuamini kwamba daktari alikuwa anajifunzia kwa mwanawe.

Kumbe kuna neno moja tu ambalo hakuna aliyemweleza: ukingo.

Katika upasuaji wa saratani ya ngozi, ukingo ni ile ngozi inayoonekana nzima ambayo daktari anaikata pamoja na kidonda, pande zote na chini yake pia. Chini ndiko watu wanakosahau. Anayelima huku migombani anaijua ndago: unayakata majani, shamba linang'aa, wiki mbili baadaye yamerudi, kwa sababu vile vinundu vyeusi vimebaki udongoni na vimeshatambaa hadi mahali usipoona hata jani moja. Saratani ya seli bapa, ambayo ndiyo inayowapata zaidi watu wenye ualbino katika nchi zetu, inaweza kutambaa hivyo hivyo. Jicho linaona kigaga na kidonda kisichopona. Halioni seli chache zilizokwisha kupenya pembeni.

Kwa uvimbe mdogo usio wa hatari kubwa, kipimo kinachotumika sana ni milimita 4 kila upande, chini ya urefu wa punje ya mchele. Sasa piga hesabu ya yule kijana. Kidonda cha sentimita 1, ongeza milimita 4 huku na milimita 4 huku, upana unakuwa sentimita 1.8. Tundu la duara ukilivuta ulishone, ncha zake zinakunjamana kama mdomo wa gunia. Ndiyo maana daktari anakata kwa umbo la mtumbwi, urefu mara 3 hivi ya upana, ngozi ilale vizuri. Mara 3 ya 1.8 ni 5.4. Huo ndio mshono aliouona mama. Kwa melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, ukingo huwa mpana zaidi: sentimita 1 hadi 2, kutegemea imezama kiasi gani.

Kinachofuata hakionekani na mgonjwa, na kwangu ndicho kitamu zaidi. Kile kinyama hakitupwi. Kinafungwa uzi upande mmoja ili maabara wajue juu ni wapi, kinawekwa kwenye fomalini (dawa ya kukihifadhi kisioze), kinapakwa wino kingo zake, halafu kinakatwa vipande vyembamba na kuangaliwa kwa hadubini. Seli za saratani zikigusa wino, kazi haijaisha. Zisipogusa, majibu yanaandikwa kwamba kingo ziko safi. (Mahali pa uzi hutajwa kwa mishale ya saa, na ile "saa 12" ya madaktari ni mshale ukiwa juu kabisa, ambako sisi tunasoma saa sita. Natumaini hakuna aliyewahi kurudi kukata upande usio wake.)

Njia hiyo ina pengo. Kukata kinyama kama mkate wa slesi kunakuonyesha slesi ulizochagua. Kilicho katikati ya slesi na slesi hukioni. Aliyeliziba pengo hilo ni Frederic Mohs, Mmarekani wa Wisconsin, aliyeanza utafiti wake miaka ya 1930 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari na kuuchapisha mwaka 1941. Hakuwa hata daktari wa ngozi. Alikuwa mpasuaji wa kawaida. Wazo lake ni kama kumenya nusu ya chungwa: badala ya kulikata vipande, unalichukua ganda, unalilaza bapa, unalitazama lote, pembeni na chini kwa pamoja. Panapoonekana seli mbaya panawekewa alama kwenye ramani ya kidonda, kisha daktari anarudi kukata hapo tu, mgonjwa akiwa bado na ganzi. Mwanzoni Mohs aliunguza ngozi kwa dawa ya zinki kloridi, na kazi ilichukua siku kadhaa. Baadaye dawa hiyo iliachwa. Faida kubwa ya njia ya Mohs iko kwenye kope, pua na midomo. Milimita 4 za mkono si kitu, lakini milimita 4 za kope ni jicho kushindwa kufumba.

Kuna jambo moja ambalo "kingo ziko safi" halisemi. Kwa mtu mwenye ualbino, jua halikuchoma pale penye kidonda peke yake. Limechoma sikio, shingo, kipaji cha uso na mkono wa pili, tangu utotoni. Kidonda kimoja kimetoka chote, ila shamba zima bado lina mbegu: yale mabaka makavu yenye magamba, ukiyapitishia kidole yanakwaruza kama msasa. Hayo hutibiwa mapema, mara nyingi kwa kugandishwa na naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, bila kisu. Ndiyo sababu mgonjwa aliyepona anapangiwa kurudi kliniki, na ndiyo sababu pale KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, ndipo yalipoanza kutengenezwa pia mafuta ya kukinga jua ya Kilisun.

Kijana alipotoka, mama aliniomba nimsomee karatasi yao. Ilikuwa kwa Kiingereza, mistari kama kumi hivi. Niliruka hadi wa mwisho: kingo zote ziko safi, ule wa karibu zaidi kwa milimita 3.

"Hata wa chini?" akauliza.

Hata wa chini.