Mizani kwanza, turbo baadaye: Starlet ya kushindana na saa

Swali ninaloulizwa sana pale gereji si "gari gani?" Ni "turbo gani?", yaani ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Mtu anataka kuingia mbio za kupimwa muda, zile ambazo kila dereva anakimbia peke yake na mshindani wake ni saa, kama Kiamburing kule Kiambu. Hata mafuta ya breki hajabadilisha, lakini ameshaanza kuzunguka Kirinyaga Road, mtaa wa spea Nairobi, akiulizia injini kubwa. Mimi kazi yangu ni sasipensheni na breki, na kila anayeniuliza namwambia tuanze na mizani: tupime gari, tupunguze uzito.

Sababu ni huku tunakoishi. Injini isiyo na turbo huvuta hewa ilivyo, na hewa ya huku juu ni hafifu. Nairobi iko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Limuru inapita 2,200, na hapo kanieneo ya hewa ni kama asilimia 77 tu ya ile ya Mombasa. Kwa hiyo injini yenye nguvu ya farasi 100 pwani, ukiipandisha Limuru unabaki na kama farasi 77. Turbo hurudisha sehemu ya hasara hiyo, ila inakuja na joto, uzito na gharama zake. Kilo uliyoitoa kwenye gari imetoka Mombasa, imetoka na Limuru.

Chukua gari la kilo 800 na dereva wa kilo 80. Ukipunguza kilo 60, wale farasi 77 wanavuta kana kwamba ni 82 au 83. Si wengi, najua. Lakini farasi watano wa injini wanakusaidia pale tu unapokanyaga mafuta, ilhali kilo 60 ulizoacha nyumbani zinakusaidia ukikanyaga mafuta, ukifunga breki na ukikata kona. Ukishuka kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa ukataka kusimama, breki za gari hilo la kilo 880 pamoja na dereva zinameza nishati ya kama kilojuli 490. Subaru au Mitsubishi Evo ya kilo 1,400, na dereva yuleyule ndani, inazidi 820. Nishati hiyo yote inageuka joto kwenye diski na pedi.

Mimi nilichagua Toyota Starlet EP82, ile iliyotoka mwishoni mwa 1989, yenye injini ya 4E-FE ya cc 1331. Si gari la kutamanisha. Nililipenda kwa sababu ni jepesi tangu kiwandani, na fundi yeyote mtaani analijua. Shida ni kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo Starlet utakayoipata iliingia zamani na imepita mikononi mwa wengi. Ndiyo maana ukienda kuangalia usianze na injini. Injini inabadilishwa kwa siku moja. Anza na kutu: chini ya betri, pale juu shokabzoba zinaposhika bodi, na kingo za chini za milango. Nenda na bisibisi, gonga. Ikisikika kama kugonga kadibodi, mshukuru mwenye gari uondoke. Bodi iliyolika hujipinda kwenye kona, na springi yoyote utakayofunga hapo itakudanganya.

Langu lilikuwa na kilo 790 nilipolipima mara ya kwanza. Kiti cha nyuma, spea tairi na jeki, AC na mabomba yake, zulia, redio: vyote vinatoka kwa spana za kawaida. Kazi yenyewe ni ile lami iliyobandikwa sakafuni kuzuia kelele. Wengi huichoma kwa moto wa gesi, kisha wanashinda siku nzima wakikwangua uji mweusi. Tumia barafu kavu. Fungua milango yote, kwa sababu gesi inayotoa ni kaboni dayoksaidi na ukijifungia nayo itakuzimisha, na vaa glovu nene. Imwage juu ya lami, iache dakika kumi. Utaanza kuisikia ikialika yenyewe, tak, tak. Gonga na nyundo kidogo, inapasuka kama kigae na chuma chini kinabaki safi na rangi yake. Nilijaza ndoo nzima. Ndoo ile ilikuwa na kilo sita.

Jumla zilitoka kilo 96. Nikarudisha 32 kwa rolikeji, kizimba cha mabomba kinachomkinga dereva gari likibingirika, na kilo hizo sitaki kuzijadili na mtu. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, na tao kuu liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Ukiletewa bomba la maji au la mageti, likatae. Vilevile usikubali mtu atoboe matundu kwenye bodi au akate vyuma vya kuikaza eti anapunguza uzito. Nimepokea magari ya namna hiyo, na kuyarudisha sawa ni ghali kuliko kununua gari lingine.

Kuna kilo za bure pia. Petroli ina karibu gramu 740 kwa lita. Tangi la lita 40 ni kilo 30, na mbio za dakika chache hazihitaji hata lita kumi.

Tairi: nunua nzuri uwezavyo, kwenye rimu nyepesi. Rimu za inchi 17 kwenye Starlet ni urembo. Zina uzito, tena uzito unaozunguka, ambao injini inalipia mara mbili.

Breki nizungumzie kwa uchungu kidogo. Miaka iliyopita nikishuka mlima kwa kasi, pedali ilizama hadi sakafuni. Pedi zilikuwa mpya, diski nzuri. Mafuta ndiyo yalikuwa ya zamani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani: DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na povu linabonyea, halisukumi pistoni. Niliokolewa na gia ya pili na hendibreki. Tangu siku ile gari halitoki kwangu kwenda mbioni bila mafuta mapya.

Mwisho, mizani tena. Nilikodi mizani ya magunia ya kilo 500, nikaweka tairi moja juu yake na tatu juu ya mbao zenye kimo kilekile, dereva amekaa kitini, stabilaiza, ile fimbo inayounganisha sasipensheni ya kushoto na ya kulia, imefunguliwa. Tairi moja moja, zote nne. Mbele kushoto 270, mbele kulia 246, nyuma kushoto 128, nyuma kulia 162. Jumla 806. Ukijumlisha kimshazari unaliona tatizo: mbele kushoto na nyuma kulia ni 432, mshazari wa pili 374. Ndiyo maana kona za kulia gari lilikuwa likikataa kuingia, na za kushoto mkia ukitaka kutoka.

Springi haziwezi kubadilisha jumla ya mbele, wala ya upande. Ukitaka hivyo, hamisha betri. Zinachoweza ni kugawa mishazari. Nilipandisha kiti cha springi ya mbele kulia, ile pete inayoibeba na kupanda kwa kuzungushwa kama nati, kidogo kidogo, nikapima, nikapandisha na ya nyuma kushoto, nikapima tena. Saa tatu zilipita hadi nikapata 256, 260, 142 na 148, yaani 404 kwa 402. Nikakaza nati za kufungia, nikapiga mstari wa rangi nyeupe kwenye uzi wa skrubu wa kila kiti cha springi, ili siku gari likiingia shimo nijue kwa jicho kama kuna iliyosogea.