Mwani wa Karibiani: Ukizolewa Vibaya, Ufukwe Nao Huondoka

Tangu Mei 2025, setilaiti zilipoonyesha kuwa mwani unaoelea katika Atlantiki umefikia takriban tani milioni 37.5, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kurekodiwa kabla ya hapo, tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara kwa nini Barbados na majirani zake wasiuuze kama wafanyavyo akina mama wa Paje, Zanzibar. Tumeshajibu, na tunajibu tena: huo si mwani wa Paje. Wa Paje hufungwa kwenye kamba na vigingi, ukavunwa na kuanikwa. Huu, sagasamu, huzaliana ukielea baharini na hunyonya aseniki, ambayo ni sumu, hivyo haufai kuliwa wala kulishwa mifugo kiholela.

Ukiwa bahari kuu hauna ubaya, kwani kasa wachanga na samaki wadogo hujificha humo. Madhara huanza unapotua ufukweni. Baada ya siku mbili hivi huoza, maji huwa ya kahawia, majani ya bahari na matumbawe hukosa mwanga na hewa, na gesi yenye harufu ya mayai viza huwasha macho, hubana kifua na kula hata viyoyozi vya hoteli. Juni 2018 Barbados ilitangaza hali ya dharura ya kitaifa kwa sababu hiyo.

Kosa tunalolisikitikia zaidi ni la kukimbilia katapila. Kijiko chake huzoa mwani pamoja na mchanga, na mchanga huo ndio kinga ya ufukwe dhidi ya mawimbi ya kimbunga. Utaratibu sahihi ni huu: mwani uzolewe ungali mbichi, kwa reki na toroli, kuanzia mstari wa maji, mchanga ukung'utwe papo hapo, mashine, ikilazimu, iwe na matairi mapana na isipande sehemu kavu ya juu, maana huko ndiko kasa aina ya ng'amba hutaga, hasa kati ya Mei na Oktoba, msimu uleule wa mwani. Mayai hukaa mchangani siku zipatazo 60, na juu yake huoni chochote. Barbados imepiga marufuku kuvua kasa na kuchukua mayai yake tangu 1998, na mkandarasi aliyefukua kiota asitegemee kujitetea kwamba hakukiona. Kwa hiyo mkaguzi wa viota apite alfajiri, kabla ya reki ya kwanza kugusa mchanga, na kila kiota kizungushiwe vigingi.